Jaji Julia Sebutinde wa Uganda: kabla ya ile Januari 2024 huyu mama alikuwa wapi? (uzi mrefu kidogo)

MtunzaJalada:

Wakuu salaam. Kila anapotajwa Jaji Julia Sebutinde watu wanaanzia Januari 26, 2024 na wanaishia hapohapo, yule Mganda aliyepinga kila kitu kwenye kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israel kuhusu Gaza pale Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), basi imeisha hiyo. Mmoja anamtukana, mwingine anampigia makofi, ila ukiuliza kabla ya hapo alikuwa anafanya nini kila mtu anajifanya anaangalia simu. Siku ile mama alikuwa amebakiza wiki chache agonge 70, amezaliwa Februari 1954 Entebbe, na mshahara wa sheria ameanza kuupokea 1978. Hiyo miaka zaidi ya 45 ndo nataka tuiongelee, manake mi naona humo kuna vitu vizito kuliko povu lote la Gaza, na bila hivyo vitu huwezi kuelewa mtu anakaaje kwenye meza ya majaji 17 anabaki peke yake na hatetemeki.

Shule kasoma za maana, Lake Victoria Primary palepale Entebbe, Gayaza High School, kisha King's College Budo, kisha Makerere akatoka na digrii ya sheria 1977, mwaka uliofuata akamaliza diploma pale Law Development Centre. Sasa piga hesabu hiyo miaka ni Uganda ya nani. Ni ya Amin. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alibebwa na askari kutoka Mahakama Kuu Kampala Septemba 1972 na hakurudi tena. Yani unasoma sheria kwenye nchi ambayo Jaji Mkuu mwenyewe anachukuliwa ofisini mchana kweupe, halafu shangazi anakuuliza ukimaliza chuo utafanya kazi gani.

Akamaliza akaingia Wizara ya Sheria 1978. Mwaka huohuo vita vya Kagera, Aprili 1979 majeshi yetu yako Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe, Amin katoka nduki. Akaja Lule siku 68, akaja Binaisa ambaye naye ni mwanasheria, ikaja tume ya kijeshi, akarudi Obote, wakaja kina Okello, Januari 1986 akaingia Museveni. Marais wanapishana mlangoni na huyu dada yuko palepale kwenye dawati anaandika miswada. Alikaa wizarani mpaka 1990.

Hapa ndo pa kusimama kidogo. Watu wakisikia jaji mkubwa wanawaza wakili wa kwenye sinema, anapiga meza, anamtoa shahidi jasho. Sebutinde hakupita huko. Alikuwa mwandishi wa sheria, kazi ambayo hakuna mwanafunzi wa sheria anayeiota usiku. Waziri anakuja na wazo lake la kisiasa, labda mistari mitatu, we unakaa nalo unaligeuza kuwa vifungu 40, unaangalia hiki hakigongani na katiba, hakigongani na sheria ya mwaka 1935 ambayo bado ipo na hakuna anayeikumbuka, nani ana mamlaka, akikataa kutekeleza inakuwaje, adhabu inaanzia wapi. Ukikosea koma miaka kumi baadaye mwizi wa mabilioni anatoka mahakamani anacheka. Jina lako haliandikwi popote, anayepongezwa bungeni ni waziri.

Baadaye akaenda Edinburgh akachukua masta ya sheria 1990, chuo hichohicho kikaja kumpa udaktari wa heshima 2009. Akapitia Jumuiya ya Madola, na 1991 akaenda Namibia. Namibia imepata uhuru Machi 21, 1990, katiba yao mpya inasema sheria za zamani zinaendelea mpaka zifutwe, kwa hiyo mna nchi huru yenye rafu nzima la sheria za Afrika Kusini ya makaburu na zote zinatakiwa kupitiwa na kuandikwa upya moja moja. Ndo kazi aliyoikuta. Akakaa huko mpaka 1996.

Kwa hiyo 1978 mpaka 1996, miaka 18, ni kuandika sheria tu. Ndipo akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda akiwa na miaka 42.

Na hapo ndo Waganda wakamjua, sio kwa hukumu ila kwa tume. Mwaka 1999 akapewa tume ya kuchunguza rushwa ndani ya polisi. Ilikuwa inakaa hadharani, wananchi wanakuja kusema afande fulani alinichukulia hela, afande fulani alimpiga mtoto wangu, na afande yupo anasikiliza, na jaji anamgeukia anamuuliza maswali kwa sauti ya upole kabisa. Magazeti na redio vilikuwa havina kazi nyingine. Kitengo cha upelelezi ndo kilichafuka kuliko vyote. Mwaka 2001 Museveni akamtoa mtu jeshini, Katumba Wamala, akampa polisi.

Ikaja ya helikopta. Uganda ilinunua helikopta za kivita Mi-24 kutoka Belarus, mbili zikafika 1998, mafundi wakaziangalia wakasema hizi haziruki. Tume ikaingia, na majina yaliyotajwa sio ya watu wadogo, Jenerali Salim Saleh ambaye ni mdogo wake Rais alikiri kwamba aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000 kwenye hiyo dili. Jaji mwanamke, Kampala, anaongoza tume ambayo shahidi ni ndugu wa Rais aliyeko madarakani. Hebu ikae hapo kwanza.

Ya tatu ikawa ya mamlaka ya mapato, URA, 2002. Hii haikwenda vizuri, makamishna wenyewe walitofautiana juu ya ripoti na mambo yakaishia kwenye mabishano ya kisheria. Sitaremba.

Sehemu ya pili naileta nikishapata chai, huko ndo kuna Charles Taylor. Naomba kuwasilisha.

KobeMzee:

Nimeweka kiti cha mbele. Ila mkuu umeruka kitu, hizo tume zilimfunga nani? Maana tume Afrika tunazijua, zinakula posho, zinaandika kitabu kinene, kitabu kinawekwa kabatini na kabati linafungwa.

MtunzaJalada:

KobeMzee swali zuri na jibu lake linauma. Tume ya uchunguzi haina meno ya kumfunga mtu mzee wangu, hilo ni kisheria sio woga wa jaji. Inasikiliza, inaandika ripoti, inampa aliyeiteua, na yeye ndo anaamua achukue lipi aache lipi. Wakubwa wa helikopta hawakwenda jela. Ila kuna kitu kimoja ambacho serikali haiwezi kukirudisha kabatini, nacho ni kwamba watu walisikia kwa masikio yao. Ndo maana mpaka leo ukiongea na Mganda wa umri wa kwangu ukasema Sebutinde hakumbuki Hague, anakumbuka polisi wanatoka jasho.

binti_wa_Pangani:

Mi nashukuru kwa hiyo ya uandishi wa sheria, nipo mwaka wa tatu na kila mtu darasani anataka kuwa wakili wa makampuni makubwa. Kuna mtu alisema anataka kuandika miswada tukamcheka. Swali langu, unatokaje hapo kwenda mahakama za kimataifa? Kuna konekisheni au ni kuomba tu kama ajira zingine?

WakiliNjaa:

Dada yangu konekisheni zipo kila mahali usidanganywe, lakini pia kuna mlango rasmi. ICJ mgombea hapendekezwi na rais moja kwa moja, anapendekezwa na kikundi cha kitaifa cha wanasheria walioko kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi kule The Hague, halafu kura zinapigwa Umoja wa Mataifa sehemu mbili kwa wakati mmoja, Baraza Kuu na Baraza la Usalama, na lazima upate wingi kamili kote kuwili. Na kwenye hii kura ya Baraza la Usalama veto haifanyi kazi. Ukweli wa mambo serikali ndo inakufanyia kampeni korido kwa korido, bila serikali nyuma yako utabaki na CV yako nzuri nyumbani.

MtunzaJalada:

Asante WakiliNjaa, nitafika huko kwenye kura maana yake ilikuwa tamthilia. binti_wa_Pangani kabla ya ICJ alipita daraja jingine, ndo hii sehemu ya pili.

Mwaka 2005 akateuliwa Mahakama Maalumu ya Sierra Leone. Hii ilianzishwa 2002 kwa makubaliano ya Umoja wa Mataifa na serikali ya Sierra Leone, makao yake Freetown, majaji wa nje na wa ndani wanakaa pamoja. Yeye akawekwa Chemba ya Pili na Teresa Doherty wa Ireland ya Kaskazini na Richard Lussick wa Samoa.

Kesi yao ya kwanza kubwa ni ya viongozi watatu wa AFRC, wale wanajeshi waliopindua Freetown 1997. Hukumu Juni 20, 2007, na ndo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kuandikisha watoto jeshini. Humo ndani kuna jambo la wanawake ambalo watu wengi hawalijui. Waasi walikuwa wanateka wasichana wanawaita wake zao, wake wa porini, binti anapikia, anabeba mzigo, anazaa, analala na mtu aliyemuua baba yake. Upande wa mashtaka ukasema hii iwe kosa linalojitegemea, ndoa ya kulazimishwa. Doherty akakubali. Lussick na Sebutinde wakakataa, na Sebutinde akaandika maoni yake pembeni marefu tu, hoja yake ni kwamba ndoa za kupangiwa na wazazi kwenye mila zetu, hata kama zina matatizo yake, zina wazee, zina familia mbili, zina sherehe, na hiki cha porini hakina hata kimoja, hiki ni utumwa wa ngono kamili na utumwa wa ngono tayari una kifungu chake. Rufaa Februari 2008 wakampindua, wakasema ndoa ya kulazimishwa inasimama yenyewe kama kitendo cha kikatili dhidi ya binadamu.

Mi binafsi nadhani rufaa ilikuwa sahihi, maana kuitwa mke wa muuaji kunabaki kwenye jina lako kijijini hata vita ikiisha na hilo utumwa wa ngono peke yake haulibebi. Lakini someni alivyojenga hoja yake, ni mtu wa kuandika miswada yule, hataki vifungu viwili vifanye kazi moja.

MtuWaSakina:

Sisi wa Arusha hapo tunanyoosha mkono. Mahakama ya Rwanda ilikuwa hapa mjini AICC, na Septemba 2, 1998 kwenye kesi ya Akayesu ndo ilisemwa kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, na kwenye meza ile alikuwepo mwanamke, Navi Pillay wa Afrika Kusini. Kwa hiyo hawa kina mama wa Kiafrika ndo wamejenga hii sheria ya kimataifa ya wanawake kwenye vita halafu watu wanadhani imetoka Ulaya. Msimsahau na Solomy Balungi Bossa, Mganda mwingine, alipita hapahapa Arusha kabla ya kwenda ICC.

MtunzaJalada:

Umenena MtuWaSakina, Bossa anastahili uzi wake.

Sasa Taylor. Rais wa zamani wa Liberia, aliyeshtakiwa kwa kuwasaidia waasi wa Sierra Leone, alikamatwa Machi 2006, wakaona Freetown ni hatari wakampeleka Uholanzi Juni 2006 ila mahakama ni ileile na majaji ni walewale. Kesi ikafunguliwa Juni 4, 2007, siku ya kwanza mshtakiwa hakutokea kabisa, mashahidi wakaanza Januari 2008. Ikaenda miaka. Ile siku ya Naomi Campbell, Agosti 5, 2010, mrembo analalamika kuletwa pale ni usumbufu na anasema alipewa vijiwe vichafuvichafu kwenye kifuko (almasi zilizodaiwa kutoka kwa Taylor), dunia nzima iliwasha runinga siku hiyo tu, na aliyekuwa anaongoza kikao ni Sebutinde.

Ila siku yake kubwa mi naona ni nyingine. Januari 14, 2011 ilikuwa mwisho wa kuleta majumuisho ya maandishi, utetezi wakachelewa wakaleta Februari 3. Majaji wawili wakasema hatupokei, mmechelewa. Sebutinde akakataa kuungana nao, akaandika maoni tofauti kwamba ipokelewe. Wakili wa Taylor, Courtenay Griffiths, akanyanyuka akatoka nje ya mahakama Februari 8. Majaji wakamwita kwenye kikao cha nidhamu Februari 25, na Sebutinde akasema mimi hapo sikai kwa sababu za kimsimamo, akajitoa, benchi likapungua kikao kikaahirishwa. Machi 3 Chemba ya Rufaa ikasema ile hati ya utetezi ipokelewe.

Mnaelewa hapo? Mshtakiwa ni Charles Taylor. Hakuna mtu duniani angelia kama hati yake ingetupwa kwenye pipa. Na jaji anayemtetea apate nafasi ya kusikilizwa ndo huyohuyo ambaye Aprili 26, 2012 alikaa na wenzake wakamtia hatiani kwa makosa yote 11, na Mei 30 wakampa miaka 50. Rufaa Septemba 2013 ikabaki hivyohivyo, yuko jela Uingereza mpaka leo. Unamfunga mtu miaka 50 baada ya kuhakikisha amesema kila alichokuwa nacho. Hapo ndo nilimpendea.

NjiaPanda:

Hadithi nzuri sana mkuu, sasa tufike kwenye ukweli. Mtu aliyemtetea Taylor asikilizwe mbona watu wa Gaza hakuwasikiliza? Majaji 15 wanaona, yeye haoni. Hata yule jaji wa Israel mwenyewe Aharon Barak alikubali hatua mbili kati ya sita za muda, yani zile amri za dharura kabla kesi haijaamuliwa, huyu mama kakataa zote sita. Ukimzidi Barak kuitetea Israel basi ujue pana kitu.

mwana_Entebbe:

Nyie mnaongea tu hamjasoma alichoandika. Hakusema watu wasife. Alisema huu mgogoro kiini chake ni cha kisiasa na kihistoria, na kwamba hakuona dalili ya ile nia ya kuangamiza ambayo mkataba wa mauaji ya kimbari wa 1948 unaitaka. Bila nia hakuna hilo kosa, hata waliokufa wawe wengi kiasi gani, kosa linakuwa jingine. Unaweza kumpinga lakini hiyo ni hoja ya kisheria.

NjiaPanda:

Kwenye hatua za muda hutakiwi kuthibitisha nia, unatakiwa kuonyesha kwamba madai yanaingia akilini tu. Ndo kipimo. Yeye alitaka ushahidi wa mwisho kwenye hatua ya kwanza. Na serikali ya kwenu ilimkana ndani ya siku chache kupitia balozi wao Umoja wa Mataifa, Adonia Ayebare.

MtunzaJalada:

Nilijua tutafika na sikimbii. NjiaPanda kwenye kipimo niko na wewe, mi pia nadhani aliweka kizingiti juu kuliko kesi za hatua za muda zinavyotaka, kwenye kesi ya mauaji ya kimbari ya Gambia dhidi ya Myanmar 2020 mahakama hiyohiyo ilitoa hatua kwa kura zote, na yeye alikuwemo. Hapo mtu ana haki kumuuliza nini kilibadilika.

Ila hilo la balozi naomba tulisome lote sio nusu. Ayebare alisema uamuzi wa Sebutinde si msimamo wa serikali ya Uganda, na hapohapo akakumbusha kwamba huyu jaji aliwahi kupiga kura dhidi ya Uganda kwenye kesi ya Kongo. Yani serikali inajitetea kwa kusema huyu hata sisi wenyewe hatutii! Kesi yenyewe ni ile ya majeshi ya Uganda kule Ituri na Kisangani. Hukumu ya kwanza Desemba 2005 Uganda ilishindwa, wakati huo haikuwa na jaji wake pale, iliteua jaji wa muda na ikamchukua Mtanzania, James Kateka, naye akaandika maoni ya kupinga. Ikaja ya fidia Februari 9, 2022, Uganda ilipe dola milioni 325, kati ya hizo 225 za watu waliouawa na kuumizwa, 40 za mali, 60 za maliasili, na ilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Majaji wa ICJ kukaa kwenye kesi ya nchi yao inaruhusiwa, na desturi ya wengi ni kuelemea nyumbani, hili sio siri. Yeye hakuelemea.

Na Chagos je, Februari 2019, mahakama ilisema Uingereza ivirudishe vile visiwa kwa Mauritius haraka iwezekanavyo, 13 kwa 1. Sebutinde alikuwa na wengi, na akaandika maoni yake akilalamika kwamba mahakama ilitakiwa kwenda mbali zaidi, iseme haki ya watu kujitawala ni kanuni ambayo hakuna nchi inaruhusiwa kuivunja kwa makubaliano yoyote. Anayesema huyu ni kibaraka wa wazungu aanze na hiyo.

KobeMzee:

Sasa mtu wa Chagos anasema watu wajitawale, halafu Julai 2024 kwenye maoni ya ushauri kuhusu Palestina kuna vipengele anabaki mmoja kwa 14. Mkuu hapo hainingii.

WakiliNjaa:

Na sio hilo tu. Yale maoni yake ya Julai 19 yalikuja kushutumiwa kwamba sehemu zake zimenakiliwa kutoka kwa waandishi wengine bila kuwataja. Na Agosti 2025 magazeti ya Uganda yakaripoti kauli zake kanisani, kwamba anaona Mungu anamtegemea asimame upande wa Israel. Mi ni mkristo safi kabisa, ila jaji wa kesi iliyo hai haruhusiwi kuwa na upande madhabahuni. Kama ni kweli alisema basi hata ile hoja ya kisheria ya mwana_Entebbe imechafuka, maana mtu atajiuliza ilianza sheria au lilianza kanisa.

mwana_Entebbe:

Kila jaji ana dini na ana historia, mbona wengine hamwaulizi?

WakiliNjaa:

Kuwa na dini sio kosa ndugu. Kusema hadharani nani ana haki kabla hujamaliza kusikiliza ndo kosa, hata hakimu wa mahakama ya mwanzo Kibaha anaijua hiyo.

MtunzaJalada:

Hapo WakiliNjaa sina cha kuongeza, na kwa mtu aliyejitoa kwenye kikao cha Griffiths 2011 kwa ajili ya msimamo wa haki, hili linashangaza mara mbili. Mzee Kobe na mimi hainingii, nasema wazi. Alivyosema Chagos na alivyosema Palestina, mi sijaona daraja linalounganisha.

binti_wa_Pangani:

Hamjamalizia ile tamthilia ya kura jamani.

MtunzaJalada:

Haya dada. Mwaka 2011 ICJ nafasi tano, nne zikapatikana Novemba. Ya tano wamebaki wawili, Sebutinde na Abdul Koroma wa Sierra Leone, ambaye alikuwa jaji pale tangu 1994, mtu mzito. Ona kituko chake, huyu mama wakati huo anamhukumu Taylor kwenye mahakama iliyoundwa kwa ajili ya Sierra Leone, na mpinzani wake wa kiti ni msomi mkubwa wa Sierra Leone. Mabaraza mawili yakawa hayapatani, huku anaongoza huyu kule anaongoza yule, wakapiga kura raundi baada ya raundi, wakaahirisha, wakarudi Desemba 13 ndo akapita kote kuwili. Akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kwenye ile mahakama, na wa nne kwa wanawake wote tangu ianze kazi 1946, baada ya Rosalyn Higgins, Joan Donoghue na Xue Hanqin. Muhula ukaanza Februari 2012, yani miezi ile Taylor anasomewa hukumu mama ana viti viwili mji mmoja.

Novemba 2020 akachaguliwa tena. Februari 6, 2024, siku kumi na moja tu baada ya ile kura iliyowaudhi watu, wenzake, wengi wao haohao aliowapinga, wakamchagua Makamu wa Rais wa mahakama. Januari 2025 Rais Nawaf Salam akaondoka kwenda kuwa Waziri Mkuu wa Lebanon, Sebutinde akakaimu urais mpaka Machi alipochaguliwa Yuji Iwasawa wa Japani.

KobeMzee:

Hiyo ya makamu nilikuwa siijui. Walimchaguaje watu aliowapinga?

WakiliNjaa:

Wale wanapigiana kura kwa siri na wanafanya kazi pamoja miaka tisa, wanajuana anayesoma mafaili na asiyesoma. Kuandika maoni ya kupinga sio uadui pale, ni kazi ya kawaida. Sisi huku ndo tunadhani mtu akikupinga anakuchukia.

MtuWaSakina:

Mi kinachoniuma ni kingine. Uganda wana Sebutinde, Somalia walikuwa na Abdulqawi Yusuf akafika mpaka urais wa mahakama, Kenya Novemba 2025 wamempitisha Profesa Phoebe Okowa. Sisi Watanzania kwenye ile ICJ hatujawahi kuwa na jaji wa kudumu hata mmoja, tumeishia na Kateka wa muda, tena kateuliwa na Uganda.

NjiaPanda:

Serikali yetu ikifanya kampeni ni ya viti vya jumuiya za kikanda tu, huko juu hatugusi.

binti_wa_Pangani:

MtunzaJalada hayo maoni yake ya 2007 ya ndoa za porini yanapatikana wapi nisome mwenyewe?

MtunzaJalada:

Yamo kwenye hukumu ya AFRC, yameambatanishwa mwishoni baada ya hukumu kuu, usianze ukurasa wa kwanza utachoka maana ni mamia ya kurasa, nenda moja kwa moja kule nyuma. Soma ya Sebutinde kwanza, kisha soma ya Doherty inayofuata jambo hilohilo kwa upande wa pili, halafu ile ya rufaa 2008. Ukimaliza rudi hapa useme nani kakushawishi, na usinisikilize mimi nilivyosema juu.

binti_wa_Pangani:

Nimeshaidaunilodi. Naanza na ya Doherty.